Mbaraka Mwinshehe: Jina Moro, santuri Nairobi
Leo msanii akiachia ngoma, watu wanakimbilia kuhesabu watazamaji YouTube. Enzi za Mbaraka Mwinshehe kilichohesabika ni santuri, nazo zilitengenezwa Nairobi. Tanzania haikuwa na kiwanda.

Mkali huyu wa mji kasoro bahari aling'ara na Morogoro Jazz, akapiga Osaka, Japani, kwenye Expo ya 1970, kisha mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Redio Tanzania ilimpa jina nyumbani, ila kibao chake "Shida" kiliuza kwelikweli Kenya. Huko huko, Mombasa, ajali ya gari ilimuua Januari 1979.

Funzo kwa madogo wa Moro: jina hujengwa nyumbani, lakini hela hufuata kiwanda. Leo kiwanda ni mtandao, na mwenye nao bado yuko mbali.