Simu isimwache mgonjwa wa sonona peke yake

Hakuna ubishi kwamba simu ya mkononi imefika kila kona ya nchi yetu, hata huku Butare, tarafa ya Wilaya ya Rusizi, ambako kwenda kituo cha afya ni kupanda na kushuka milima. Kwa hiyo naunga mkono wazo la kuitumia kufuatilia wagonjwa wa sonona. Lakini kabla hatujashangilia, tujiulize ni nani atakayepokea majibu yao.

Tatizo ni kubwa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa sonona iliwapata asilimia 12 ya wananchi kwa jumla, na asilimia 35 ya manusura wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Mgonjwa akishaanza dawa au ushauri, muuguzi anahitaji kujua kama anapata nafuu. Kwa kazi hiyo lipo dodoso la maswali 9 linalotumika katika nchi nyingi. Linauliza hali ya wiki 2 zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kujilaumu na kadhalika. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, na jumla haizidi 27. Alama zikishuka kutoka 18 hadi 8, kuna nafuu. Zisiposhuka, matibabu yaangaliwe upya. Huko Uingereza wagonjwa wengi hulijaza kwa intaneti.

Sasa tuje Butare hii yetu. Mimi ni mwalimu, na majirani huniletea simu niwasomee ujumbe. Wengine simu si zao, ni za waume au watoto wao. Swali la 9 linauliza kama mtu amewaza kuwa afadhali afe, au ajidhuru. Mama jirani akitumiwa swali hilo, atalileta kwangu. Je, ataniambia ukweli, mimi ninayemfundisha mwanawe? Atasema hapana, alama zitashuka, na kompyuta itaandika kuwa ana nafuu.

Lipo pia suala la lugha. Nilikosoma uhamishoni, Tanzania, tulisema mtu "ana mawazo". Hapa ni "agahinda gakabije", yaani huzuni iliyopita kiasi, na wapo wanaosema tu kwamba kichwa kinawauma. Maswali yakitafsiriwa ofisini bila kujaribiwa vijijini, yatapima kitu kingine kabisa.

Halafu, mtu akijibu "ndiyo" usiku wa manane, nani anasoma? Tusisahau Babyl, huduma ya kumwona daktari kwa simu iliyoanza nchini mwaka 2016. Iliwafaa wengi, lakini ilifungwa mwaka 2023 baada ya kampuni mama ya Uingereza kuanguka. Mgonjwa wa sonona asifungwe kwenye namba ambayo kesho haitapokelewa.

Njia bora tunaijua. Mwaka 2009 Rwanda ilianza kuwatumia wahudumu wa afya wa vijijini kutuma taarifa za wajawazito kwa ujumbe wa simu. Mfano huo ufuatwe. Mgonjwa mwenyewe achague nani amuulize: muuguzi kwa kumpigia simu, au mhudumu wa kijijini ana kwa ana, kwa Kinyarwanda na kwa faragha. Maana mhudumu naye ni jirani, na si kila siri huambiwa jirani. Zitumwe alama tu, si maneno yake. Kila kituo kiwe na muuguzi wa zamu anayejulikana kwa jina, aliyepewa muda wa maongezi, na jibu la swali la 9 lishughulikiwe siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini mgonjwa naye ana haki ya kutuuliza: nikisema, nani atanisikia? Wizara ya Afya ilijibu swali hilo kwanza, ndipo izinunue hizo programu.