Programu za zamani ndani ya kompyuta ni mlango usiofungwa

Katika miji ya Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, wengi wanaamini kwamba kompyuta yenye antivirusi iko salama. Windows yenyewe hutafuta marekebisho yake mara kwa mara inapokuwa na intaneti. Lakini programu nyingine nyingi, za kusoma PDF, kutazama video au kufungua mafaili yaliyobanwa, hubaki vile fundi alivyoziweka siku ya kwanza.

Mfano ni WinRAR. Mwezi Februari 2019, kampuni ya Check Point ilitangaza kasoro iliyokuwa imekaa ndani yake karibu miaka 19. Mwaka 2023 ikaonekana kasoro nyingine, ambayo wezi walikuwa wakiitumia tangu Aprili. Toleo la 6.23 la mwezi Agosti liliiziba. Hata hivyo, mwezi Oktoba Google ilieleza kwamba vikundi vinavyoungwa mkono na serikali viliendelea kuitumia, kwani wengi walikuwa bado na toleo la zamani. WinRAR haijisasishi yenyewe: mwenye kompyuta ndiye anayepaswa kwenda kuchukua toleo jipya.

Flash Player ni mbaya zaidi. Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020. Aliye nayo hadi leo hatapata marekebisho yoyote; dawa ni kuifuta.

Watu husema mega ni ghali, na ni kweli. Lakini WinRAR ni mega chache tu. Mwenye kibanda cha kuchapa anaweza kuipakua mara moja kwenye tovuti ya watengenezaji, kisha akaiweka katika mashine zake zote kwa flash. Kinachogharimu zaidi ni programu za bure zinazopitishwa mkono kwa mkono, ambazo hakuna anayejua zimetoka wapi.

Huku mashariki mwa Kongo, hasara haiishii kwa mwanafunzi aliyepoteza kazi yake ya mwisho wa masomo. Kompyuta za vituo vya afya na mashirika zina majina ya wagonjwa, ya wakimbizi wa ndani na ya waliotendewa ubakaji. Orodha kama hiyo ikiingia mikononi mwa wabaya, maisha ya watu yako hatarini.

Kila shirika linaloandika majina ya raia limteue mtu wa kukagua programu hizo kila mwezi. Zisizotumika zifutwe, zinazotumika zisasishwe. Anayekabidhiwa jina la mtu anakabidhiwa pia usalama wake.