Kukosa Friji Si Sababu ya Kula Zege Kila Siku

Wanachuo wenzangu, tuambizane ukweli. Wengi wetu tunaoishi geto tunapika mboga za majani siku mbili tatu baada ya bumu kuingia, halafu basi, tunarudi kwenye zege na maandazi. Ukimuuliza mtu kwa nini, anakujibu: "Mchicha haukai, na mimi sina friji." Jibu hili limezoeleka mpaka hakuna anayelihoji. Mimi nalihoji. Mchicha unakaa, ila haukai kwa namna tunavyouweka sisi.

Tuanze na jani lenyewe. Jani likikatwa shambani halifi papo hapo. Linaendelea kupumua, linatoa joto, na linapoteza maji kupitia vitundu vidogo vilivyo kwenye ngozi yake. Karibu asilimia 90 ya uzito wa mchicha ni maji, na mzizi wa kuyarudisha haupo tena, ndiyo maana unalegea. Haya si mageni kwetu. Stomata tuliichora wote sekondari, tukaandika majina ya sehemu zake, tukapata maksi, tukafunga daftari. Tulichosoma hakikufika jikoni.

Sasa tazama tunachofanya. Mmoja ananunua fungu gengeni likiwa limenyunyiziwa maji, limebanwa na kamba, analisokomeza kwenye mfuko na kufunga fundo. Joto na unyevu vinakosa pa kutokea, asubuhi anakuta uteute na harufu. Mwingine analiacha mezani karibu na dirisha, jioni limekuwa kama tambi. Wote wawili wanasema mchicha haukai, lakini wa kwanza uliozeshwa na wa pili ulikaushwa. Kwa hiyo kanuni ni fupi: shina lipate maji, jani libaki kavu, hewa ipite, jua lisifike.

Kwa vitendo iko hivi. Ukifika nyumbani fungua kamba, chambua, na utupe majani ya njano na yaliyopondeka, maana uozo unaambukiza mengine. Usioshe mpaka wakati wa kupika. Kama unahofia mchanga, vumilia, utaosha kesho. Kata ncha za mashina kidogo, simamisha mashina kwenye jagi au kopo lenye maji ya vidole viwili, funika majani juu kwa kitambaa safi chenye unyevu kidogo, kisha weka sakafuni kwenye kona yenye kivuli. Badilisha maji kila siku. Tena usiweke jirani na ndizi mbivu, kwa sababu ndizi inapoiva inatoa gesi inayofanya majani yawe ya njano haraka. Kwa njia hii mchicha, figiri na sukuma wiki vinanifikisha siku ya pili, mara nyingi ya tatu. Likiteleza au kunuka, tupa, usijitie ushujaa.

Sisi wa Dodoma tuna bahati ambayo mwenzetu wa Dar es Salaam au Tanga hana: hewa yetu ni kavu. Kila aliyekunywa maji ya mtungi anajua yanakuwa baridi bila umeme. Maji yanapenya ukuta wa udongo, yanageuka mvuke na kuondoka na joto, na hewa ikiwa kavu kazi hiyo inafanyika vizuri zaidi. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliyetoka familia ya wafinyanzi, alitumia kanuni hiyo hiyo kutengeneza chombo cha kuhifadhia mboga: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga unaolowanishwa, juu kitambaa kibichi. Mwaka 2000 alipata tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo. Nakumbusha tu kwamba hakuwa injinia wa kiwanda cha friji. Alikuwa mwalimu.

Na kabla hatujafika Nigeria, tupite soko la Majengo hapa mjini tuone mlenda mkavu. Wazee wa huku walijua zamani kwamba mboga ya masika lazima ivuke kiangazi, wakaianika. Leo mwanachuo anauona mlenda huo kama chakula cha shida, halafu analalamika hana pa kuweka mboga! Kama unataka kukausha mwenyewe, anika kivulini penye upepo, si kwenye jua kali, maana jua linaharibu kirutubisho ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A.

Najua kuna atakayesema: genge lipo kila siku, nunua ya leo upike leo. Sawa, kama kipindi chako kinaisha saa nane mchana. Wa kwetu tunaotoka saa kumi na mbili jioni tunakuta mafungu yaliyokaa juani tangu asubuhi. Bei ni ile ile, lakini vitamini C imeshapungua, kwa sababu inapotea haraka kwenye joto. Anayejua kuhifadhi anakwenda sokoni Jumamosi asubuhi, anachagua mafungu mabichi, anakula hadi Jumatatu. Mwingine atasema tusubiri tupate kazi tununue friji. Hata friji inataka ujuzi. Majani yaliyowekwa wazi humo yanakauka, na yaliyogusana na barafu yanaungua kwa baridi.

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Kwa mwanachuo, chanzo rahisi cha gramu hizo ni fungu la mchicha, si maepo ya dukani. Dada zetu, ambao kila mwezi wanapoteza damu, wanahitaji madini ya chuma zaidi kuliko sisi. Kwa hiyo tunapozungumzia mchicha tunazungumzia pia nani anasinzia kwenye mtihani na nani hasinzii.

Serikali yetu ya wanafunzi huahidi makubwa kila kampeni. Mimi naomba kidogo: kibanda kimoja cha mkaa karibu na genge la hosteli. Fremu ya mbao, nyavu mbili kila upande, katikati vipande vya mkaa vinavyomwagiwa maji asubuhi na jioni. Muuzaji aweke mboga humo, na sisi tunaotoka jioni tukute majani, si makapi.

Kwa wenzangu wa ualimu nina neno moja zaidi. Mwakani tutapangiwa shule, nyingine hazina umeme. Tutafundisha stomata na mvukizo kwa chaki tu, au tutaweka mtungi na fungu la mchicha mbele ya darasa? Mwanafunzi atakayeona jani lililolegea likisimama tena kwenye kopo la maji hatahitaji kukariri, na jioni atakwenda kumwonyesha mama yake. Ila hatuwezi kumfundisha jambo ambalo sisi wenyewe geto limetushinda.