Nailoni si cheti

Makala iliyochapishwa hivi karibuni inamshauri mnunuzi wa simu wa Kimbiji, Dar es Salaam, asitoe hela mpaka aone boksi lenye nailoni ya kiwandani. Nia ni njema, lakini ushauri wenyewe unamfaa tapeli.

Nailoni hiyo inauzwa kwa roli. Ukiivika boksi na kuipuliza hewa ya moto, inabana vizuri tu. Huko Marekani, ambako gemu ya Super Mario 64 isiyofunguliwa iliuzwa mnadani kwa dola milioni 1.56 mwaka 2021, wakusanyaji hawadanganywi na mng'ao. Kasha la gemu kongwe za Nintendo huligeuza nyuma kukagua mshono wenye umbo la H.

Tena, tangu iPhone 13 ya mwaka 2021, Apple imeacha nailoni. Boksi hufungwa kwa vipande vya karatasi vya kuchana. Ukiletewa iPhone 15 iliyovikwa nailoni, hapo ndipo pa kushtuka.

Mwandishi wa makala hiyo anasema boksi likifunguliwa simu hushuka thamani. Kwa nani? Wewe unanunua ya kutumia. Ifungue mbele ya muuzaji, bonyeza *#06#, linganisha IMEI (namba ya utambulisho wa simu) ya kwenye skrini na ya kwenye boksi, kisha itume kwa SMS kwenda 15090, namba ya kuhakiki simu ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Jibu likitaja simu tofauti na uliyoishika, mrudishie mwenyewe. TCRA ilizima simu bandia Juni 2016, na nailoni haikuokoa hata moja.

Muuzaji akikataa kufungua, okoa nauli ya kurudi dukani Kariakoo kugombana: usinunue.