Mtoto anaoga na slipa? Kagua shawa ya maji moto

MWEZI wa Julai jijini Nairobi, maji baridi alfajiri ni vita kati ya mzazi na mtoto. Basi la shule li njiani, na shawa ya umeme imegoma. Wengi humwita fundi papo hapo, ilhali mara nyingi mzazi anaweza kujua tatizo liko wapi kabla ya kutoa hela.

Aanzie kwenye swichi ya shawa, ambayo kwa kawaida huwa nje ya bafu na ina taa nyekundu. Taa isipowaka, aangalie kama tokeni za stima zimeisha, kisha akague breka. Breka iliyoanguka irudishwe mara moja tu. Ikianguka tena, aiache hivyo na kumwita fundi, kwani kuna hitilafu.

Taa ikiwaka lakini maji yabaki baridi, huenda shida ni presha. Ndani ya shawa nyingi za aina hii mna kiwambo cha mpira kinachosukumwa na maji ili umeme uunganike. Maji yakichuruzika tu, kiwambo hakisogei. Mzazi ahakikishe tangi lina maji na koki imefunguliwa yote. Kisha azime swichi na kusugua matundu ya shawa kwa mswaki mkuukuu, maana mchanga huyaziba.

Maji yakiwa moto kupita kiasi, dawa ni kufungua koki zaidi, kwa kuwa maji machache hupata joto jingi. Kitufe cha kuchagua joto kizungushwe maji yakiwa yamefungwa. Mtu mzima ndiye ajaribu maji kwa mkono kabla ya mtoto kuingia.

Siku ya mgao maji yanaporudi, swichi ibaki imezimwa hadi maji yatiririke bila kukatika. Koili ikiwashwa bila maji huungua haraka. Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi nao waulize dukani shawa iliyotengenezewa maji hayo.

Hayo yote mzazi anaweza kuyamudu. Kuna moja ambalo halimhusu yeye wala mtoto kulijaribu: koki inayotekenya au kupiga shoti.

Katika nyumba nyingi, watoto wamefundishwa kuoga na slipa za mpira ili wasipigwe na umeme. Hiyo si tahadhari, ni dalili iliyofichwa. Shawa ya wati 5,500 hutumia umeme zaidi ya mara mbili ya birika la kawaida, na katika shawa nyingi koili hukaa wazi ndani ya maji. Kinachomlinda anayeoga ni waya wa kijani na manjano unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Koki ikitekenya, huenda waya huo haupo, umekatika au haukufungwa vizuri. Siku mtoto atakaposahau slipa, au atakaposhika koki akiwa ameegemea ukuta uliolowa, mtekenyo unaweza kuwa kifo.

Hapo swichi izimwe na shawa isitumike hata na mtu mzima. Fundi awe mwenye leseni ya EPRA, na akague waya huo kabla ya kubadilisha chochote. Mpangaji amwandikie mwenye nyumba ujumbe ili ombi lake libaki na ushahidi.

Wakati wa kungoja, maji yachemshwe kwa sufuria. Maji baridi yatangulie kwenye karai, ya moto yafuate, na mtoto akae mbali hadi yachanganywe.

Jioni ya leo mzazi amuulize mtoto swali moja: "Ukishika koki unahisi nini?" Watoto wengi hawasemi kwa sababu wanadhani kila koki duniani hutekenya.