Safu ya Maji: Boya la Tangi na Lawama Tuliyomtwika Mzee Wetu

Mwezi huu safu yetu inaanza na kuomba radhi. Baada ya hapo tutaeleza kile chombo kilichotutia aibu, ili kila familia ikifahamu.

Kiangazi kilichopita akina mama wa mtaa wa mwisho walikuwa wanafika bombani saa kumi na moja alfajiri, wanafungua koki, inatoa hewa tu. Wakati huo huo tangi la mtaa wa juu lilikuwa linamwaga usiku kucha, hadi asubuhi bata wanaogelea chini yake. Sisi kamati tukakaa, tukakata shauri: mlinzi wa tangi analala. Mzee wa watu akajitetea, "Jamani, mimi koki sijaigusa. Hilo tangi si linajifunga lenyewe?" Hatukumsikiliza. Tukamsimamisha, akakosa posho ya wiki mbili.

Akaingia mlinzi mpya, kijana asiyesinzia. Maji yakaendelea kumwagika vile vile! Ndipo tulipopanda ngazi na fundi, tukafungua mfuniko, tukamulika tochi. Boya lilikuwa limenasa nyuma ya bomba la kuingizia maji. Basi, kosa lilikuwa hilo tu.

Vijana wakisikia neno boya wanacheka, maana mtaani boya ni mtu mjinga. Lakini boya hili lina kazi ya akili. Ni kopo la plastiki lililozibwa, lenye ukubwa wa ngumi au zaidi kidogo, linaloning'inia kwenye waya ndani ya tangi. Ndani yake mna swichi na kijigololi cha chuma. Maji yakipungua, boya linainama, kigololi kinabingirika upande mmoja, umeme unapita na kwenda kufungua vali ya bomba. Maji yakipanda, boya linaelea na kugeuka juu, kigololi kinarudi upande wa pili, umeme unakatika. Hapo springi ya vali inasukuma kifuniko chake na kufunga maji. Hakuna mtu wa kuamka usiku.

Sasa boya likinasa limeinama, vali inaamini tangi bado halijajaa. Inabaki wazi hata maji yamwagike hadi asubuhi. Waya wa boya letu uliachwa mrefu mno, ukazunguka bomba. Waya unatakiwa ushikwe na kizito au kibanio, na kipande kinachobaki huru kiwe cha kipimo, kisiguse bomba wala ukuta. Kipande hicho ndicho kinachoamua vali ifunguke maji yakishuka wapi na ifunge yakipanda wapi. Kikiwa kifupi sana, vali inafunguka na kufunga kila mara, inachakaa upesi.

Je, hasara ni kubwa kiasi gani? Tuliweka dumu la lita 20 chini ya bomba la kumwagia ziada, likajaa kwa sekunde 20. Hiyo ni lita 60 kwa dakika, lita 3,600 kwa saa, yaani madumu 180. Familia ya watu sita, kila mtu akipata lita 20 kwa siku, inahitaji madumu sita. Kwa hiyo kila saa moja ya kumwagika ilikuwa maji ya siku nzima ya familia 30. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri ni familia 180. Yale maji yaliyokuwa yanaogelewa na bata ndiyo mama wa mtaa wa mwisho aliyokuwa anayapangia foleni.

Ndugu zetu, yapo na mambo mengine yanayofanya tangi limwage au likauke, boya likiwa zima.

Kwanza, mchanga. Chembe ikikaa kwenye mdomo wa vali, haifungi sawasawa. Ndiyo maana kuna chujio kabla ya vali, na lazima lioshwe.

Pili, betri. Vali yetu inatumia umeme mdogo wa volti 12 kutoka sola na betri, kwa sababu karibu na maji hatutaki umeme wa kuua mtu. Umeme ukiisha, vali inajifunga. Maji hayamwagiki, lakini pia hayaingii. Wapo wanaochomeka simu zao kwenye betri hiyo usiku. Tunasema bila kumtaja mtu: simu zikijaa, madumu ya watu yanabaki matupu. Tafadhali, acheni.

Tatu, mawe. Watoto wakirusha mawe kwenye tangi au wakivuta waya, boya linahama mahali pake. Wazazi, tusaidieni hapo.

Na kama umeme umegoma kabisa, kuna koki ya mkono pembeni mwa vali. Mlinzi anaifungua tangi lijae, kisha anaifunga. Kwa hiyo mlinzi bado ana kazi, boya halikumfukuza.

Mnaweza kutusaidia hivi. Ukiona bomba la ziada linamwaga, mwambie mlinzi au mjumbe wa kamati saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi. Ukiona koki kavu na tangi lenu limejaa, sema pia, kwani hapo shida iko chini ya tangi, boya halihusiki. Msipande tangini wenyewe. Mfuniko unafungwa kwa kufuli ili maji ya kunywa yabaki safi.

Sisi kwa upande wetu, kila mwanzo wa mwezi tutapanda na fundi tujaribu boya. Analiinua kwa mkono safi, vali ifunge. Analiachia, vali ifunguke. Ni kazi ya dakika chache. Tungeifanya kabla ya kumnyooshea mtu kidole, tusingefika hapa.

Mzee wetu tulimfuata nyumbani kwake, tukamwomba msamaha mbele ya mke wake na majirani. Posho yake ya wiki mbili tulimrudishia kutoka mfuko wa kamati, na amerudi kazini. Alituambia neno moja tu: "Siku nyingine mulikeni tangi kwanza." Tumelipokea.

Mwenye swali atuletee kwenye kikao cha Jumamosi. Kuuliza si ujinga. Tukutane mwezi ujao.

Ni sisi wenu, Kamati ya Maji