Bwana Afya na Mwajiri Wake

Kipindupindu kilipozuka Kinondoni, jijini Dar es Salaam, mwezi wa Agosti 2015, kabla hakijasambaa katika mikoa mingi ya Tanzania, macho ya wakaguzi yalielekea, kama ilivyo ada kila maradhi hayo yanaporejea, kwa mama lishe na wauza matunda ya kukatwa. Hadhari hiyo ina msingi wake, wala sithubutu kuibeza, kwa kuwa mikono isiyooshwa huua. Hata hivyo chungu cha mama lishe hupokea uchafu uliotoka mbali zaidi, na asili yake aghalabu ni choo cha shimo.

Katika Tandale na Manzese, jijini humo humo, ambako jamaa tano au sita za wapangaji zaweza kutumia shimo moja, na ambako gari la kunyonya majitaka haliwezi kupenya vichochoro hata mwenye nyumba akiwa na uwezo wa kulilipia, wako watu wanaoingojea masika makusudi ili watapishe vyoo vyao, kinyesi kiende na maji ya mvua hadi mlangoni pa jirani. Hilo hutendeka mwaka baada ya mwaka, ilhali Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 imempa bwana afya idhini ya kuingia nyumbani, kutoa notisi na kumfikisha mkaidi mahakamani.

Basi mamlaka yapo. Kinachopungua, kwa rai yangu, ni uhuru. Bwana afya ni mwajiriwa wa halmashauri, na halmashauri hiyo hiyo ndiyo mwenye soko, msimamizi wa uzoaji taka na mkusanya ushuru. Atamwandikia muuza supu kwa sababu ya nzi, lakini ni muhali kumwandikia mkurugenzi wake kwa sababu ya lundo la taka lililowazaa nzi hao. Viwandani mambo yamepangwa kwa insafu zaidi: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 hutekelezwa na wakala wa serikali kuu, usiomiliki viwanda unavyovikagua.

Masoko, machinjio na vituo vya daladala vya halmashauri yafaa vikaguliwe na maofisa wa mkoa au wizara. Atakayesema kwamba maofisa hao hawavijui vichochoro atakuwa amesema kweli, na ndiyo maana ukaguzi wa nyumba ubaki kwa bwana afya wa kata, ambaye wapangaji wanamjua kwa sura. Lakini soko halina kichochoro cha kumpoteza mgeni, na taarifa ya ukaguzi ibandikwe langoni, kwa Kiswahili, mfanyabiashara aisome kabla hajatoa ushuru wa siku.